Ulezi wa Mzee Shigela

Itetemia, Tabora
11 Februari 2024

Kaka Bernardo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, ingawa najua wakati huu wa tumbaku hukai. Nisalimie wifi Advera, Josepha na Kabula mdogo. Sisi huku tunashukuru Mungu. Mvua imebomoa choo changu, lakini mahindi ya nyuma ya nyumba yamekaa vizuri. Mwanangu Alois amepata gari la kuendesha, anapeleka mchele Kahama na kurudi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nimepiga mara mbili, na mara zote mbili mtandao wa Usinge ulikatika nilipofika kwenye neno lilelile. Karatasi haikatiki.

Gerson wako tumerudi naye Jumanne kutoka Dar es Salaam. Nilikaa naye wodini wiki tano. Ulisikia kwamba alianguka gereji mwezi wa kumi na mbili, spana mkononi, na mkono wa kulia ukalegea. Wenzake walisema ni kiharusi, wengine wakacheka, kiharusi gani cha kijana wa miaka ishirini na nne? Kilikuwa kiharusi kweli. Lakini kilichokileta ni uvimbe ndani ya moyo, kaka, upande wa kushoto. Nimeuona kwenye kioo cha kile kipimo cha eko. Ni laini kama uji ulioganda, umening'inia, kila moyo ukipiga nao unayumba. Kipande kilimeguka kikaenda kichwani. Wamempasua kifua wameutoa. Yuko hai. Mkono haujarudi, na maneno hayamtoki. Anasema matatu tu: “ndiyo”, “maji” na “Josepha”. Sijui kwa nini jina la dada yake limebaki na mengine yote yamepotea.

Sasa jambo lenyewe. Daktari anayemsimamia ni mwanamke, anaitwa Hafsa. Siku moja alimwangalia Gerson midomo, akamfunua na kope, akaniuliza, “Haya madoa meusi ni yake peke yake?” Nikamwambia hapana, huo ni ulezi wa ukoo wetu. Nikamhadithia kama alivyotuhadithia babu, kwamba mzee wetu aliyebeba pembe kwenye misafara alirudi na mke mwenye midomo kama ya mtu aliyebugia ulezi mbichi, na tangu hapo anayezaliwa na ulezi mdomoni ndiye Shigela halisi. Nilihadithia kwa kuringa, kaka, kana kwamba na mimi ninao.

Hakucheka. Alichukua kalamu akaniuliza ni wangapi kwenu wamekufa ghafla.

Anataka uje na Josepha na Kabula mpigwe eko hapa Tabora, yeye mwenyewe huja kila mwisho wa mwezi. Na wewe upimwe. Usichelewe, tafadhali.

Mdogo wako,
Levina


Usinge
24 Machi 2024

Mdogo wangu Levina,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa karani wa stesheni muda mrefu, ndiyo maana sikujibu. Sisi wazima. Tumbaku ni nzuri, ya bani la kwanza tumeikausha kwa moto bila kuungua hata jani. Mizinga thelathini na mbili ina nyuki. Wifi yako mgongo unamsumbua. Mimi ni mzima, isipokuwa kizunguzungu kidogo nikiinuka, na hilo ni jua.

Nakushukuru kwa kumuuguza mwanangu. Sitasahau. Nimempelekea ndoo ya asali, mpokee mtu wa treni ya Jumapili. Akipata nafuu mrudishe nyumbani, hewa ya msituni itamponya mkono.

Kuhusu hayo mengine. Uvimbe ulikuwepo, umetolewa, umekwisha. Mtu aking'olewa jino bovu hawamwiti na kaka yake aje kung'olewa. Huyo daktari ni mgeni kwetu. Ulezi ni alama tuliyorithi, babu alikuwa nao na alifika miaka themanini. Nani alisikia alama ya ukoo ikawa ugonjwa? Wewe huna hata doa moja, Levina. Sisemi zaidi ya hapo, unajua ninachosema.

Josepha ameposwa. Ni watu wa Bukene, Wamoravian, wamekubali tufunge ndoa kwetu Katoliki. Kijana anaitwa Samweli, ana duka la pembejeo. Ni watu wema na wameuliza mambo mengi kuhusu sisi, kama watu wema wanavyouliza. Wakisikia neno “moyo” watageuza. Kwa hiyo nakuomba neno hilo usilitaje kwenye simu, wala kanisani, wala kwa mtu anayekuja huku.

Baba alikufa kwa mkono wa mtu. Shangazi alikufa kwa kazi ya Mungu. Usichanganye.

Kaka yako,
Bernardo Shigela


Itetemia
14 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Asali imefika, Gerson alilamba kijiko akacheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu Desemba. Pasaka tulikwenda naye misa ya asubuhi, watu wakamkalisha mbele. Mwambie wifi kuwa kitambaa chake nimekishona na nitampa mtu wa treni.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ya midomo yangu nimeyazoea tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa hiyo nayaacha. Naomba tu unisikilize kama unavyosikiliza bei ya tumbaku, neno kwa neno.

Nilirudi kwa Daktari Hafsa, alipokuja Tabora mwisho wa mwezi, nikamwambia, “Kaka yangu anasema ni alama tu.” Akavuta kiti akakaa karibu yangu. Akasema hivi: “Mama, kwenye kila chembe ya mwili kuna protini ambayo ni mfanyakazi, sisi tunaiita kinasi. Ikiachiwa, inaamrisha chembe ikue, igawanyike, itoe rangi. Haitakiwi kufanya kazi muda wote. Kwa hiyo kuna protini nyingine, kazi yake ni kumshika huyo mfanyakazi mkono mpaka atakapoitwa. Jeni inayotengeneza huyu mshikaji ina jina la herufi na namba tu, PRKAR1A. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Nadhani kwenu nakala moja imeharibika, mshikaji ni mchache, na mfanyakazi anafanya kazi bila kuitwa. Akifanya hivyo kwenye ngozi, mnaona madoa. Akifanya hivyo moyoni, hamuoni kitu mpaka mtu aanguke.”

Nikamuuliza, “Na babu aliyefika themanini?” Akasema wengine hupona hivyo, moyo haushikwi. Na kila mtoto wa mwenye hiyo jeni ni nusu kwa nusu, apate au asipate. Damu ya Gerson wameipeleka nje ya nchi kuhakikisha.

Kaka, niliporudi nyumbani nilikaa nikawahesabu. Shangazi Kabula, ambaye mwanao amepewa jina lake, alianguka kisimani akiwa na ndoo kichwani, hajafika miaka thelathini. Baba alikuwa na arobaini na nne. Nakumbuka vizuri. Alikunywa pombe ya mtama kwa jirani yetu Ngollo, akapanda baiskeli, akaanguka mbele ya nyumba yetu, na baiskeli ikaendelea kwenda peke yake mpaka kwenye ua. Mkasema Ngollo kamtilia kitu. Mlisema hivyo maana mtu mzima mwenye nguvu hafi kwa kupanda baiskeli. Lakini je, kama alikufa kama Gerson alivyotaka kufa?

Ngollo alikuwa rafiki yake. Walichonga mizinga pamoja. Mimi na mama yangu tulipofukuzwa wiki ileile tukaja huku, tuliambiwa baadaye kuwa amehama. Alihamia wapi?

Jambo la mwisho. Josepha alinipigia kwa simu ya rafiki yake. Alikuwa amejificha nyuma ya bani, nasikia kuku. Akasema, “Shangazi, Gerson anaendeleaje? Baba hasemi.” Nikamwambia yote. Kisha akasema, “Huwa napumua kama nimekimbia, nikilala chali. Nilidhani ni moshi wa bani.” Nikamwambia aje kesho yake. Akasema, “Nikija wakanikuta nao, nani atanioa? Nikishaolewa nitakuja, shangazi, nakuapia. Samweli ananipenda, atanileta mwenyewe.”

Sikumlazimisha. Nakuandikia wewe umlazimishe.

Levina


Usinge
30 Juni 2024

Levina,

Josepha amefunga ndoa tarehe 15 mwezi huu. Watu walikuwa wengi. Mvua haikutusumbua. Sikukupa habari kwa sababu nilijua ungekuja na maneno yako.

Kitambaa cha wifi yako kimefika.

Ngollo alihama. Wapi sijui, na hilo usiniulize tena, kwa barua wala kwa mdomo. Mambo ya miaka thelathini na miwili unayafukua kwa ajili gani? Kama ni kwa sababu ya mkeka, kwamba kwenye matanga ya baba nilikushika mkono nikakuondoa walipokaa watoto wa marehemu, basi sema ni mkeka, usijifiche nyuma ya daktari.

Usiniandikie mpaka nitakapokuandikia.

Bernardo


Itetemia
9 Julai 2024

Kaka Bernardo,

Shikamoo. Umenikataza kuandika. Nitakuwa mfupi.

Nafurahi Josepha kaolewa. Ningekuja nikakaa nyuma na kula wali kama wengine. Ningenyamaza.

Majibu yamerudi kutoka nje. Gerson anayo hiyo jeni iliyoharibika, kama daktari alivyodhani. Hakuna kubahatisha tena. Mama yao Advera hana madoa, hakuna aliyekufa hivyo kwao, kwa hiyo imetoka kwako, na kwako imetoka kwa baba. Kuna majibu mengine pia kwenye bahasha hiyohiyo, lakini hayo nitayasema siku yake.

Namba ya Josepha niliyokuwa nayo ni ya rafiki yake, na rafiki kahamia Mpanda. Nipe namba ya Samweli. Au nipe jina la mtaa wao tu, Bukene si kubwa, nitatafuta mwenyewe. Daktari anasema kama anabanwa pumzi akilala, basi si wa kusubiri, na akishika mimba moyo utalemewa zaidi.

Sijifichi nyuma ya daktari. Mkeka naukumbuka, ulikuwa wa ukindu, umekatika pembeni. Lakini Josepha hakuwepo siku hiyo. Alikuwa hajazaliwa. Usimtoze yeye yaliyo yetu wawili.

Nasubiri.

Levina


Usinge
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Levina,

Anayekupa barua hii ni wifi yako Advera, na huyo aliye naye ni Kabula. Wapokee. Mtoto hajui yote. Mnywesheni chai kwanza, kisha soma ukiwa peke yako.

Julai nilipata barua yako. Niliichoma kwenye tanuru la bani. Namba ya Samweli nilikuwa nayo mfukoni wakati naichoma.

Josepha amefariki tarehe 19 Oktoba, Bukene. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Najua umesikia, Alois alisikia njiani na akanipigia, sikupokea. Lakini hujasikia jinsi ilivyokuwa, na hakuna mwingine wa kukuambia.

Tulipata simu asubuhi, tukafika Bukene kesho yake mchana. Tulipita Tabora. Nilikaa stesheni kwa muda wa saa sita nikisubiri gari, na kutoka pale mpaka kwako ni mwendo wa pikipiki. Sikuja. Advera alilia akisema twende kwa Levina, nikamwambia hakuna nafasi.

Walituambia alikunywa chai, akainama kufunga kamba ya kiatu, hakuinuka. Ni hivyo tu. Chai aliipika bibi yake Samweli, anaitwa Bibi Elieth. Ni kizee, anatembelea fimbo, macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote hiyo. Nilipoingia uani nilikuta wanawake wamekaa mbali naye. Hakuna aliyemwambia kitu. Wamemwachia nafasi tu, kama hatua tano kila upande, na yeye ameketi katikati anaosha vikombe.

Baba zake wadogo Samweli wakaniita pembeni. Mmoja akasema, “Mkwe, pole. Tunajua unachofikiri. Hata sisi tumeshafikiri hivyo hivyo. Huyu mama si mara ya kwanza.” Mwingine akasema, “Wewe ndiye baba wa marehemu. Sema neno moja tu, vijana wapo.”

Nikatazama walipo vijana. Walikuwa kwenye kivuli cha ghala, kama sita. Mmoja alikuwa na kidumu cha njano cha lita tano, amekiweka kati ya miguu kama mtu aliyetumwa dukani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, watoto wanacheza.

Levina, kidumu kile nilikijua. Nilikibeba mimi, mwaka 1992, siku ya pili baada ya kumzika baba, saa nane mchana vilevile.

Uliuliza Ngollo alihamia wapi. Hakuhama. Tulikuwa wanne. Alikuwa ndani anachonga mzinga, tulisikia tezo lake tangu njiani. Tuliweka gogo kwenye mlango. Mimi ndiye niliyemwaga mafuta ya taa kwenye nyasi za paa na mimi ndiye niliyewasha. Alituita kwa majina. Alifikiri moto umetokea jikoni, alikuwa anatuita tumfungulie. Aliniita mimi mara mbili, “Bernardo, mwanangu, mlango umekwama.” Kisha akaelewa, akaacha kuita. Mkewe alikuwa kisimani na mtoto mgongoni, aliona moshi, hakurudi kamwe. Tukasema amehama na familia yake. Kijiji kizima kilisema hivyo, hata katekista.

Miaka yote hii nimelala kwa sababu niliamini alimuua baba. Barua yako ya Aprili ilinikuta kwenye mizinga. Niliisoma mpaka kwenye baiskeli iliyokwenda peke yake, nikaikunja. Kama ulezi ni ugonjwa, basi baba hakuuawa. Na kama baba hakuuawa, mimi ni nani? Ndiyo maana nilikataa. Nilisema ni posa, nilisema ni heshima ya ukoo. Ni hilo. Nilimwacha binti yangu apumue kwa shida ili Ngollo abaki mwenye hatia.

Basi pale Bukene nikaenda katikati ya uwanja. Sikujua nitasema nini. Nikasema kwa sauti, “Binti yangu hakuuawa na mtu. Amekufa kwa moyo. Ugonjwa ni wa kwetu, nimempa mimi kwa damu yangu. Tazameni midomo yake kabla hamjamfunika, kisha tazameni yangu. Kaka yake amepasuliwa kifua kwa hilo hilo. Huyu mama mwacheni.”

Mmoja wa wale wazee akasema, “Mkwe, uchungu umekuzidi.” Nikasema, “Haujanizidi. Ninazo barua.” Nilikuwa nazo, hizo mbili ambazo sikuzichoma. Nikampa Samweli.

Alisoma amesimama. Alipomaliza akaniuliza, “Baba, ulijua?”

Nikasema, “Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Kabla posa haijajibiwa.”

“Na yeye alijua?”

“Alijua. Alitaka umlete Tabora mkishaoana.”

Akasema, “Alikuwa akiniambia kila wiki twende Tabora kumsalimia shangazi yake. Nikasema tusubiri mauzo ya mbolea.” Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Kijana wa kidumu alikichukua akaenda nacho nyuma ya ghala. Bibi Elieth hakuniangalia hata mara moja. Alimaliza vikombe akaanza sufuria. Wakwe wakatuambia tumzike na tuondoke siku hiyo hiyo, na tukafanya hivyo.

Habari ilifika Usinge kabla yetu. Shuleni watoto wanamwambia Kabula kuwa ana kifo mdomoni. Kwa hiyo nakuletea. Mpime. Mama yake atakaa naye kama una nafasi. Mizinga nimeigawa.

Jumatatu nitakwenda polisi Kaliua. Kati ya wale wanne wawili wamekufa. Wa tatu nilimwambia twende wote, akasema nina wazimu, na kwamba nikitaja jina lake nitaona. Nitataja langu tu.

Siku ile nilipokuondoa kwenye mkeka nilikuwa bado nanuka mafuta ya taa. Ulikuwa unalia, ulinishika kwenye shati. Sikutaka mtoto yeyote anikaribie pua. Hiyo si sababu ya kutosha, najua, na maneno niliyosema kuhusu mama yako yalikuwa maneno yangu. Sikuombi kitu.

Kaka yako,
Bernardo


Itetemia
8 Desemba 2024

Kaka Bernardo,

Shikamoo. Askari magereza aliniambia barua inafunguliwa kabla hujapewa, kwa hiyo nawasalimia na hao wanaoisoma. Nimekuletea blanketi na sabuni, wamepokea. Sikuomba kukuona. Siku hiyo sikuweza.

Advera yuko hapa. Analala chumba kimoja na Kabula, mchana anafuma mikeka, halali sana wala hali sana. Hajakutaja jina. Alois amemtafutia shamba la kukodi, labda jembe litamsaidia.

Gerson tulimwambia sisi wawili, mimi na mama yake, tukimshika mikono. Alitamka “Josepha” mara moja, taratibu, kama anauliza. Tangu siku hiyo halitamki tena. Sasa ana maneno mawili.

Barua yako nimeisoma hadi mwisho. Nilimpenda Mzee Ngollo. Alikuwa akinichongea vijiko vidogo. Naandika hivi ili ujue kwamba sitakuambia ulikuwa kijana, au ulikuwa na uchungu. Ulifanya ulichokifanya, na ulikwenda kusema, na yote mawili ni yako. Polisi walinihoji juu ya baba na baiskeli, nikawaeleza. Wanamtafuta yule mtoto aliyekuwa mgongoni. Wanasema huenda yuko Urambo, ni mtu mzima sasa, anaitwa Masele. Akipatikana nitakwenda kwake mimi, kwa sababu katika ukoo wetu lazima kuwe na mtu wa kwenda.

Sasa kuhusu ile bahasha ya Julai. Daktari Hafsa alinitoa damu siku moja na Gerson. Nilimwambia sina madoa, hakuna haja, mimi hata hawanihesabu. Akasema kukosa madoa hakusemi kitu, kwa wengine hayatokei, kwa wengine yanafifia. Majibu yangu ni kama ya Gerson. Herufi ileile ya jeni imekosewa, mahali palepale. Mama yangu hakutoka na mtu yeyote, kaka. Mimi ni mtoto wa Shigela, na kilichonithibitisha ni hiki. Nilikuwa nimeisubiri karatasi ya namna hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, nikidhani siku nikiipata nitaipeleka Usinge niitandaze katikati ya uwanja. Nilipoipata niliikunja nikaiweka chini ya nguo. Nikaona kwamba nikikuambia, utaniona nashindana, na Josepha hatapimwa. Hakupimwa hata hivyo.

Moyo wangu kwa sasa ni safi, wameniambia nirudi kila mwaka. Kuna kivimbe kooni wanakiangalia.

Wa Kabula hauko safi. Alipolala kitandani kwa ajili ya eko alimuuliza daktari kama kile kioo kinaona na mawazo. Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Uvimbe upo, upande uleule, ukubwa wa mbegu ya embe changa. Wanasema umeonekana mapema, haujameguka, na mtoto ana nguvu. Wanasema pia kwamba kufungua moyo wa mtoto wa miaka kumi na mmoja si jambo la kuahidiana. Nimesaini mimi, Advera alinisukumia kalamu.

Aliniuliza, “Shangazi, Josepha alikuwa nao huu?” Nikamwambia ndiyo. “Na baba?” Nikamwambia hatujui, hajapimwa. Akasema, “Mwambieni apimwe, wasimfungie tu.” Nimemwandikia mkuu wa gereza akuruhusu upelekwe hospitali. Kile kizunguzungu si jua. Wakija kukuchukua, usikatae, nakuomba hilo moja tu.

Operesheni ni Dar es Salaam, Jumanne tarehe 14 Januari. Wakili wa serikali ameniambia kesi yako itatajwa siku hiyohiyo, asubuhi. Sitakuwepo mahakamani, na Advera pia hatakuwepo. Utasimama peke yako, na ukiangalia nyuma usitafute mtu.

Yakiisha ya Kabula nitapanda basi nije hapo gerezani, na safari hii nitaomba kukuona. Iwe amepona, iwe hajapona, nitakuambia kwa mdomo wangu, ukiniangalia usoni. Barua ya namna hiyo sitaandika.

Levina Shigela